Hita ya Mama Mkwe

Fundi Plagi alilipata jina lake kihalali. Kwa miaka ishirini na sita, gari lolote lililoingia gerejini kwake likikohoa, likizimika, likinywa mafuta kama limetumwa au likigoma kuwaka asubuhi, yeye alifuta mikono, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza umbea, kisha akatoa hukumu: "Hizo ni plagi." Na mara nyingi zilikuwa plagi kweli. Zisipokuwa plagi, alizibadilisha kwanza, ndipo akaanza kuutafuta ugonjwa wenyewe, hivyo hata gari lililoletwa kwa kuungua taa liliondoka na plagi mpya. Wateja walimzoea hivyo hivyo. Walimpenda pia, kwa sababu hakuwahi kumwambia mtu kwamba gari lake ni bovu. Alisema limechoka.

Basi asubuhi moja ya baridi kali, saa mbili kasorobo, mguu mmoja ukiwa ndani ya ovaroli na mwingine bado nje, aliona gari dogo jeupe likiingia getini kwake bila sauti. Halikunguruma wala halikutoa moshi hata wa kusingizia. Lilinyata kama paka anayekwenda kuiba, likasimama hatua moja kutoka magotini pake. Kioo kikashuka. Ndani, amejifunga blanketi juu ya koti, na skafu juu ya blanketi, alikuwa mama mkwe wake.

"Shikamoo, Mama," alisema Plagi, akirukaruka kwa mguu mmoja.

"Marahaba, baba. Malizia kuvaa. Mimi sitazami."

Alikuwa mkunga, na watu wote walimwita Mkunga tu, kama vile mji mzima haukuwa na mwingine. Alikuwa amestaafu miaka minne iliyopita, lakini kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa karatasi. Zahanati iliendelea kumwita, naye aliendelea kwenda. Tangu mwanawe anayefanya kazi mbali amletee hilo gari la umeme, alijipa kazi nyingine: kuwarudisha nyumbani kina mama waliojifungua, wao na vichanga vyao, wasitembee kwenye baridi wala kusubiri usafiri barabarani.

"Nakupa habari kwa kifupi," alisema. "Hita inapuliza baridi. Si vuguvugu, baridi. Saa nne namchukua mzazi mwenye mapacha wa siku tatu. Mapacha, baba. Kila mmoja ana uzito wa paka. Siwezi kuwatia kwenye jokofu lenye magurudumu."

"Hilo ni jambo dogo, Mama," alisema Plagi, na papo hapo akajuta.

Ukweli ni kwamba hakuwahi kutengeneza gari la umeme hata moja. Yalikuwa yameongezeka mjini, aliyaona yakipita, naye aliyasindikiza kwa macho kama mtu anayepishana na mgeni asiyejua amsalimie kwa lugha gani. Angekuwa mteja mwingine, angesema, "Niachie mpaka kesho," halafu atafute mtu wa kumwuliza. Lakini huyu alikuwa mama mkwe. Siku ya kwanza alipopelekwa kutambulishwa, miaka kumi na saba nyuma, mama huyu alimtazama mikono, akamgeukia binti yake na kuuliza, "Anatengeneza, au anabadilisha vipuri tu?" Swali hilo halikujibiwa siku ile, na Plagi alihisi bado liko mezani.

Akaingia kiti cha abiria. Akabonyeza hita, akaiweka mwisho kabisa, akafungulia feni. Upepo ulitoka kwa nguvu, mkavu, wa baridi ya kung'ata meno. Akaweka kiganja mbele ya tundu, akatikisa kichwa kitaalamu.

"Tuiache kidogo," akasema.

Wakakaa. Mtu na mama mkwe wake, mabega yakikaribia kugusana, wote wawili wakitazama mbele kwenye ukuta wa gereji ulioandikwa USIKOJOE HAPA. Pumzi zao zilitoka kama moshi wa birika. Plagi akasema baridi ya mwaka huu imezidi. Mkunga akakubali kwamba imezidi. Plagi akasema hata mwaka jana ilikuwepo. Mkunga akasema ndiyo, mwaka jana pia. Dakika kumi zikaenda. Pua ya Plagi ikaanza kuchuruzika, naye akaona aibu kupenga.

"Samahani, baba," Mkunga akasema hatimaye. "Tunasubiri nini?"

"Injini ipate moto, Mama."

Mkunga akageuza kichwa taratibu, skafu na blanketi vikigeuka pamoja naye.

"Injini ipi?"

Plagi akaipunguza feni.

"Gari hili halina injini," alisema Mkunga kwa upole, kwa sauti ile anayoitumia kumwambia baba mtarajiwa kwamba ni mapacha. "Lina mota. Nimesoma."

"Ndiyo, ndiyo, halina," alisema Plagi. "Nilikuwa napima kwanza."

"Unapima nini?"

"Baridi."

Akatoka haraka, akafungua boneti. Pale ambapo kwa miaka ishirini na sita alizoea kukuta injini, alikuta boksi la fedha limefungwa kimya, mabomba machache ya mpira, chupa mbili za plastiki zenye maji ya rangi, na nyaya nene za rangi ya chungwa zilizolala kama nyoka walioshiba. Macho yake yalizunguka yenyewe yakitafuta plagi, kama mtu anayetafuta ndugu yake kwenye umati wa watu. Hakumwona ndugu.

"Kuna kitu nakifuata stoo," alimwambia Mkunga, akaenda kusimama nyuma ya rundo la matairi na kumpigia rafiki yake, fundi wa majokofu.

"Nyaya za chungwa umezigusa?" lilikuwa swali la kwanza la fundi majokofu.

"Sijazigusa."

"Vizuri, bado u hai. Usiziguse kabisa, wala usifungue boksi zinapoingia. Sasa sikiliza. Hita ya gari la namna hiyo ni birika. Umeme unachemsha maji, kijipampu kinayasukuma mpaka kwenye kirejeta kidogo nyuma ya dashibodi, feni inapuliza pale, wewe unapata joto. Umeelewa? Basi anza na rahisi. Tazama kama hali ya kubana umeme imewashwa, hiyo huizuia hita. Halafu fyuzi. Halafu maji. Ukishindwa hapo, ni kipasha joto chenyewe, na hicho si chako wala changu. Na mbona unanong'ona?"

"Mama mkwe yuko hapa."

"Eh! Pole sana," alisema fundi majokofu kwa huruma ya kweli, akakata.

Plagi akarudi na bisibisi mkononi ili safari ya stoo ipate maana. Akaomba ruhusa, akajiinamisha upande wa dereva kutafuta kitufe cha kubana umeme. Alikuta vitufe vingi kuliko alivyotarajia. Akabonyeza cha kwanza. Vioo vya pembeni vikajikunja kama masikio ya punda aliyekasirika. Akabonyeza cha pili, ubavuni mwa kiti, na kiti kikaanza kutembea. Kilikwenda mbele polepole, kwa heshima zote, kikimpeleka mama mkwe wake kwenye usukani.

"Baba," alisema Mkunga. "Baba. Nakwenda."

"Naona, Mama, naona!"

Kitufe cha kukirudisha kilikuwa kimebanwa kati ya kiti na paja la mama mkwe, mahali ambapo mkwe yeyote mwenye adabu hawezi kupeleka mkono. Plagi akarudi nyuma mikono juu, kama aliyeambiwa na polisi. Kiti kikafika mwisho. Mkunga akabaki amekumbatia usukani, kidevu juu ya honi, na honi ikalia mtaa mzima ukasikia. Alijikomboa mwenyewe, akakirudisha kiti mwenyewe, halafu akaonyesha kwa kidole kitufe chenye picha ya jani.

"Kama unatafuta cha kubana umeme, ni hiki. Nimekizima tangu jana."

Fyuzi nazo zilikuwa nzima. Plagi alizichomoa moja moja, akaziinua kwenye mwanga, akazirudisha. Chupa ya maji ya hita ilionyesha maji mpaka mstari wa juu. Rahisi zote zikawa zimekwisha, na ilikuwa saa tatu na dakika tano. Alisimama mbele ya boneti na kwa mara ya kwanza akafikiria kusema maneno aliyokuwa hajawahi kuyasema gerejini kwake: sijui.

Lakini aliposogea kuufunga mlango wa abiria, alisikia kitu. Feni ilikuwa imepunguzwa, na nyuma ya dashibodi kulikuwa na mlio: blugu, blugu, kimya, blugu. Akainama, akaweka sikio juu ya plastiki baridi.

"Unasikia nini?" Mkunga akauliza.

"Kama tumbo la mtu aliyekosa chakula cha jioni."

"Toka hapo."

Akavuta mkoba wake mweusi kutoka kiti cha nyuma, akatoa kipembe cha mbao, kile cha wakunga cha kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni. Kilikuwa kimeng'aa kwa miaka mingi ya kushikwa. Akazunguka upande wa abiria, akakisimika mdomo mpana juu ya dashibodi, akaweka sikio upande wa pili, akafumba macho. Mkono mmoja aliunyanyua kuamuru kimya. Plagi alijikuta amebana pumzi. Mteja wake mmoja aliyekuwa ameingia getini kuuliza habari za breki alisimama, akawatazama mama mzee na kipembe na gari, akageuka na kwenda zake.

Mkunga akahamisha kipembe kushoto. Akahamisha tena chini.

"Pampu inafanya kazi," alisema. "Naisikia, inapiga sawasawa. Lakini huku maji hayafiki. Inasukuma hewa. Tumbo limejaa gesi."

Plagi akapiga kiganja pajani. Hewa! Bila shaka! Hewa ikikwama kwenye bomba, maji hayapiti, na chupa itaonyesha imejaa hata kama mbele ni pakavu. Hilo alilijua kwa magari ya zamani tangu akiwa mwanafunzi wa kazi. Birika lilikuwa linachemsha upepo. Furaha ikampanda, halafu ikasimama katikati ya njia, kwa sababu swali lililofuata lilikuwa gumu. Hewa haiingii yenyewe. Huingia mtu akifungua bomba. Na mtu hafungui bomba la mbele ya gari bila sababu.

Akazunguka mbele, akachuchumaa. Bampa lilikuwa jeupe, lakini weupe wake haukulingana na weupe wa gari, kama meno ya bandia. Na pembeni, chini kabisa, palikuwa na mstari mwembamba wa kijani. Kijani hicho Plagi alikifahamu vizuri. Ndiye aliyeinunua rangi, ndiye aliyelipaka geti la mama mkwe wake kwa mikono yake.

"Mama," alianza, bado amechuchumaa, akizungumza na bampa ili asimtazame. "Naomba kuuliza. Gari hili limewahi kufunguliwa na mtu?"

"Milango nafungua mwenyewe."

"Ndiyo, Mama. Namaanisha, siku za karibuni, halikukutana na kitu?"

"Kitu gani?"

"Kitu... kilichosimama."

Mkunga alikuwa bado amekishika kipembe. Alikitazama, akakigeuza, akakifuta kwa ncha ya skafu ingawa hakikuwa na vumbi. Kwa miaka thelathini na tano aliwaambia wasichana waliokuja kwake wakificha miezi, wakificha dawa walizokunywa: ukinificha, nitakutibu ugonjwa wa mtu mwingine. Aliwaambia kwa ukali. Baadhi walilia.

"Geti," alisema.

"Geti limefanya nini?"

"Lilinijia."

Plagi akainua macho. Mama mkwe wake, mwanamke aliyetishwa na madaktari wakubwa asitishike, alikuwa anatazama ukuta ulioandikwa USIKOJOE HAPA kama anausoma kwa mara ya kwanza.

"Nilikuwa natoka," aliendelea. "Gari hili halina sauti, baba. Unadhani limesimama kumbe linakwenda. Nikampelekea yule mnyoosha bodi wa kule barabarani, akatoa bampa, akatoa na rejeta iliyopinda, akamwaga maji. Akaniambia ameyarudisha yote. Tangu siku hiyo ni baridi."

"Mbona hukuniambia tangu asubuhi, Mama?"

"Ningekwambiaje? Wewe ndiye uliyenionya geti lifunguliwe lote."

Walitazamana, na Plagi aliona kwamba mama mkwe wake anaona aibu, naye hakujua aiweke wapi aibu hiyo. Akafanya alilolijua, akavuta ovaroli juu na kusema, "Basi halijaharibika kitu. Limechoka tu."

Walilipandisha magurudumu ya mbele kwenye vitalu vya zege alivyotumia kukagulia malori, ili pua ya gari iwe juu na hewa ipate njia ya kupanda. Maji bado yalikuwa baridi, kwa hiyo kifuniko cha chupa kilifunguka bila hatari. Plagi akasoma maandishi ya kifunikoni, akaenda stoo kweli safari hii, akarudi na galoni ya kulanti, yale maji ya rangi, ya aina ile ile. Maji ya bomba hapana, maandishi yalikataza. Mkunga akakaa kwenye usukani, hita mwisho, feni chini. Plagi, mbali na nyaya za chungwa kama mtu anayepita kando ya mbwa aliyelala, akashika bomba la mpira kwa mikono miwili, akaanza kulikamua.

Povu moja likapanda, likapasuka chupani. Likafuata jingine.

"Usikurupuke," Mkunga aliamuru kutoka ndani. "Polepole. Kamua. Haya, pumzika. Vuta pumzi."

"Mimi au gari?"

"Wote wawili. Sasa, tena! Kamua! Vizuri sana, unaendelea vizuri."

Simu ya Plagi ikalia mfukoni mwa ovaroli. Mikono yake ilikuwa imelowa kulanti. Mkunga alishuka, akaichomoa kwa ncha ya vidole, akabonyeza kipaza sauti na kumshikia karibu na mdomo.

"Mume wangu," ilisema sauti ya mkewe, ya haraka, "Mama kashafika huko? Sikiliza, ukiona bampa jifanye hujaona. Aligonga geti wiki iliyopita, jirani kaniambia, mtaa mzima unajua ila yeye anadhani ni siri. Usimwulize kabisa, atakasirika. Hallo?"

Plagi aliitikisia simu kichwa, kana kwamba inaona.

"Siku hizi hamsalimii watu?" alisema Mkunga kwenye simu.

Upande wa pili ulitamani simu iishiwe chaji. "Shikamoo, Mama," ilisema sauti ndogo.

"Marahaba. Mwambie jirani geti ndilo lililogonga gari. Tuko kwenye uchungu hapa, tutakupigia." Akakata, akairudisha simu mfukoni, akarudi kwenye kiti chake. Plagi akainamia bomba kwa bidii isiyo ya kawaida. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na ilichukua muda kabla hajatambua kwamba hata yale ya Mkunga, nyuma ya kioo, yalikuwa yakitikisika vilevile.

Saa tatu na nusu chupa ilitoa kishindo kimoja kikubwa, blugu la mwisho, na maji yakazama ghafla kama yamevutwa na mtu. Plagi akajaza. Yakazama tena. Akajaza. Lita nzima na ushee iliingia kabla maji hayajatulia kwenye mstari. Akafunga kifuniko, akasubiri akiwa ameegemea mlango wa dereva uliokuwa wazi. Mkunga alikuwa ameweka kiganja mbele ya tundu la hewa.

Mwanzoni uso wake haukubadilika. Kisha akafungua skafu. Kisha akatoa blanketi na kulirusha kiti cha nyuma.

"Limelia," alisema.

Hakumruhusu Plagi abaki gerejini. Kama hewa imebaki, alisema, atakayeisikia ni nani? Kwanza alimsimamia bombani na kumtaka anawe mpaka viwikoni, mara tatu, akimkagua kucha kama mtoto wa shule. Wakaenda zahanati, wakampakia mzazi kiti cha nyuma, binti mwembamba aliyechoka, akiwa na pacha mmoja kifuani. Pacha wa pili, amefungwa vizuri mpaka akafanana na kifurushi cha posta, aliwekwa mapajani mwa Plagi, kiti cha mbele, pamoja na maagizo: mkono mmoja chini ya kichwa, mkono mwingine usiguse kitufe chochote.

Walikuwa wamekwisha kupita makutano ya pili ndipo mzazi akauliza, "Mkunga, gari halijawaka bado?"

"Tunakaribia kwenu, mwanangu."

Ndani kulikuwa na joto la chumba cha kuotea moto. Jasho lilimtiririka Plagi kutoka kipara hadi kwenye kola, naye hakuwa na mkono wa kulifutia. Lakini sikio lake alilitega dashibodi kwa makini, na dashibodi ilikuwa kimya, kimya kizuri. Alianza kufikiria kuandika kibao kipya cha gereji. Alianza hata kuchagua rangi.

Ndipo aliposikia maji. Si kwa masikio, kwa goti. Umajimaji wa moto ulikuwa ukipita kwenye ovaroli, ukishuka taratibu kuelekea kwenye kiatu.

"Simamisha!" alipiga kelele. "Simamisha gari, Mama! Kirejeta kimepasuka, kulanti inavuja! Imenifika mguuni!"

Mkunga akakanyaga breki, akawasha taa za tahadhari, akainama upande wake. Akaangalia chini ya dashibodi. Pakavu. Akagusa zulia. Pakavu. Akanusa hewa mara moja tu, kama mtu aliyenusa hewa ya namna hiyo kila siku kwa miaka thelathini na tano, kisha akafunua kifurushi kilichokuwa mapajani mwa mkwewe.

"Hakuna kilichopasuka, baba," alisema akiwasha indiketa kurudi barabarani. "Huyu anafanya kazi vizuri sana."